Chui wa Tingatinga na Tembo wa Bunda

Mtu wa Mara akitajiwa neno tingatinga, kwanza huona mtambo wa kulimia au wa kuchonga barabara. Mwaka 1974, nilipokuwa mwanachuo wa ualimu, mkufunzi wetu wa sanaa alitutangazia kwamba kesho yake angetuletea picha ya Tingatinga. Usiku ule nilichonga penseli zangu vizuri, nikijiandaa kuchora magurudumu. Asubuhi mkufunzi akaingia na ubao mdogo wa mraba kwapani, akauegemeza kwenye ukingo wa ubao wa kuandikia. Alikuwa chui. Mwili wake ulikuwa umetazama upande, lakini uso wake ulikuwa umetugeukia sisi.

Mkufunzi hakuuleta ubao ule ili tuusifu. Aliuleta ili tuorodheshe makosa. Tulikuwa tumefundishwa kivuli, umbali na uwiano wa viungo, na sasa tulitakiwa kuonyesha kwamba masomo hayo yametuingia. Niliorodhesha makosa tisa. Miguu minne yote imesimama juu ya mstari mmoja. Hakuna kivuli. Hakuna ardhi. Madoa hayafuati mviringo wa mwili bali yamepangwa kama vishimo vya bao. Mkia ni mrefu mno. Kichwa hakiwezi kugeuka namna ile bila shingo kuvunjika. Mengine nimeyasahau. Nilipata maksi nyingi kuliko wenzangu, na kwa muda wa miaka karibu arobaini sikuwa na sababu ya kuirudia kazi ile. Insha hii ni masahihisho yangu, ingawa yamechelewa.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini mwa nchi yetu. Alitoka kwao kama walivyotoka vijana wengi wa kusini wa wakati ule, akaenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Huko alifanya vibarua vya namna nyingi, pamoja na kazi za nyumbani kwa Wazungu. Kiasi cha mwaka 1968 alianza kuchora picha na kuziuza karibu na maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay. Hakusomea uchoraji. Mwaka 1972 askari polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu anayekimbia, akafa akiwa na miaka arobaini. Kazi yake yote ya uchoraji, basi, ilichukua kama miaka minne. Mkufunzi wetu alipotuletea ubao ule, mchoraji alikuwa amelala kaburini miaka miwili tu, na hakuna mwanachuo hata mmoja aliyeuliza habari zake. Sisi tulikuwa tunasahihisha.

Nianze masahihisho yangu na rangi. Tingatinga hakutumia rangi za wasanii zinazouzwa katika vijibomba. Alitumia rangi ya mafuta ya makopo, ile ya kupakia baiskeli, na alichora juu ya hadibodi, ubao mwembamba unaotumiwa na maseremala. Yeyote aliyewahi kupaka mlango au mtumbwi anaijua rangi hiyo. Hung'aa, hustahimili maji, lakini haina subira na mtu anayetaka kuichanganya polepole ili apate kivuli. Ukiipaka juu ya rangi mbichi, zinaharibiana. Hapana budi upake rangi ya nyuma, ungoje ikauke. Upake umbo la mnyama, ungoje. Kisha uje na brashi nyembamba uweke madoa, macho na sharubu. Kila tabaka linakaa juu ya jingine kama viraka juu ya kanzu. Kwa hiyo makosa yangu ya kivuli, ardhi na mviringo hayakuwa makosa. Mtu alikuwa anaisikiliza rangi yake na kuiacha ifanye inachokiweza. Mwashi hujenga kwa jiwe alilonalo, na sisi wa Musoma, ambao nyumba zetu zimekaa katikati ya majabali, tungepaswa kulijua hilo kabla ya kufundishwa.

Mwaka 2013, miaka michache baada ya kustaafu, nilikwenda Dar es Salaam kumtembelea binti yangu. Nilimwomba anipeleke Morogoro Stores. Wanafunzi na jamaa za Tingatinga hawakuiacha kazi yake ife. Waliendelea kuchora pale pale, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Nilichokikuta si maonyesho kwa maana ya mjini Ulaya, ambako picha tano hutundikwa katika ukumbi mweupe na watu wakanong'ona. Ni maonyesho na karakana kwa pamoja. Wachoraji wamekaa, wengine chini, na makopo madogo ya rangi mbele yao. Kuta zimejaa picha tangu sakafuni hadi juu, na zilizokosa ukuta zimerundikwa chini. Harufu ya rangi ni ile ile ya mwalo wa Mwigobero siku ya kupaka mitumbwi. Nilijisikia nyumbani.

Niliingia na tabia yangu ya kihesabu, nikataka kuhesabu tembo. Niliacha. Tembo walikuwa kila mahali: wa bluu, wa kijivu, wa waridi, wengine wakitembea kwa mstari kuelekea mlima wenye theluji, machweo ya rangi ya chungwa nyuma yao. Twiga walikuwa wamesokotana shingo. Ndege walikuwa wamejazana mtini mpaka jani halionekani. Kulikuwa na picha za maisha ya kijijini pia, soko, ngoma, hospitali yenye foleni ya wagonjwa, na hizo nilizitazama kwa muda mrefu zaidi, kwani ndani yake kila mtu alikuwa na shughuli yake. Lakini wanunuzi niliowaona, wote wageni, walikwenda kwa tembo.

Watu hulalamika kwamba picha hizi zinarudiwarudiwa. Ni kweli, lakini kurudia peke yake si dhambi. Mwaka 1962 Mmarekani Andy Warhol aliweka katika nyumba ya sanaa ya Los Angeles picha 32 za makopo ya supu, zinazofanana zote isipokuwa jina la aina ya supu, na dunia ikamhesabu miongoni mwa mabingwa wa kile wanachokiita sanaa ya popu, sanaa inayochukua vitu vya dukani na mitaani na kuvifanya picha. Warhol alirudia kwa kusudi. Alitaka mtazamaji aone jinsi dukani kila kitu kinavyofanana. Mafundi wa Oysterbay hurudia kwa sababu nyingine, ambayo ni ada ya shule ya watoto na kodi ya nyumba. Siwezi kumlaumu mtu kwa hilo. Mimi mwenyewe nilifundisha somo lile lile la sehemu na desimali kwa miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo. Swali langu ni moja tu: fundi anapomchora tembo yule kwa mara ya mia, je, bado anamwona?

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta picha za Tingatinga mwenyewe. Nyingi zimetawanyika nchi za nje, kwa hiyo nimezitazama zaidi katika vitabu. Nilipoziweka kando ya zile za ukutani, niliona tofauti ambayo sikuitarajia. Wanyama wake ni wachache. Mara nyingi ni mmoja tu, amejaa ubao mzima, na nyuma yake hakuna mlima wala machweo, kuna rangi moja tu iliyonyamaza. Na huyo mmoja anatazama. Macho ni ya mviringo, meupe, yamefunguka kabisa, na yamekuelekea wewe. Kosa langu la kichwa kisichoweza kugeuka ndilo moyo wa picha. Chui alikuwa anakwenda zake, amekusikia, amegeuka.

Tunduru si mahali pa kuchezea wanyama. Ni nchi ya misitu, na simba wamekula watu huko hata katika miaka ya 1980, wakati mchoraji amekwisha kufa. Mtoto aliyekulia kule hakumjua mnyama wa porini kwa kumtazama kupitia dirisha la gari. Alimjua kwa hadithi za jioni, kwa nyayo kisimani, na kwa macho mawili yanayong'aa njiani. Sisemi kwamba Tingatinga alikusudia kuyasimulia hayo. Alikusudia kuuza. Aliwachora wanyama ambao mgeni atawalipia, lakini mkono wake ulimchora mnyama anayemjua yeye. Ndiyo maana chui wake hapendezi moja kwa moja. Anapendeza, kisha anakufanya usogee nyuma kidogo.

Warithi wake wengi wamelipoteza hilo. Tembo wao wana kope ndefu na midomo iliyopinda kwa tabasamu. Wamekuwa wanyama wa kulaza watoto, na si ajabu kwamba mwaka 2010 ulianza mfululizo wa katuni za watoto za televisheni, zilizotengenezwa Nairobi, uliochukua jina na mtindo huo. Wajukuu wangu waliupenda, nami nilicheka nao. Lakini mnyama anayecheka na mnyama anayetazama ni wawili mbalimbali.

Sitaki kusema kwamba kicheko hakina nafasi katika sanaa yetu pendwa. Nimwite shahidi George Lilanga, Mmakonde, aliyefariki mwaka 2005. Huyu alianzia uchongaji, kisha akaajiriwa mlinzi katika Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 na sista wa Maryknoll, shirika ambalo sisi wa Musoma tunalijua tangu miaka ya 1940. Pale pale mlinzi akawa mchoraji. Michoro yake ya wino na picha zake za rangi zimejaa mashetani wenye masikio makubwa, matumbo yaliyotoka nje na vidole visivyotimia, wanaobebana, wanaosukumana, wanaogombea chakula. Wanacheka, na unajua wanacheka nini. Wanatucheka sisi. Ukimtazama mmoja vizuri utamkuta ana sura ya jirani yako, na ukizidi kutazama utajikuta mwenyewe. Kicheko cha namna hiyo kina mwenyewe. Tembo wa waridi anayecheka mbele ya mlima, anacheka nini?

Swali hilo si langu. Ni la mama mmoja wa Bunda, na sasa inanibidi nisimulie jambo ambalo nilikuwa nimekusudia kuliacha.

Msomaji asiyeijua Bunda ajue kwamba upande wake wa mashariki na kusini unapakana na nchi ya wanyama. Watalii wanaotoka Mwanza huingia Serengeti kwa Lango la Ndabaka, kando ya barabara kuu ya kuja Musoma. Wakati wao wanaingia kuwatafuta tembo, tembo wanatoka kuja kwetu. Katika vijiji kama Kunzugu na Hunyari, mahindi na mtama yakikaribia kukomaa, watu hawalali. Wanalinda kwa tochi, kwa kupiga madebe, kwa moto na moshi wa pilipili, na bado kundi moja laweza kumaliza kwa usiku mmoja shamba la kulisha nyumba mwaka mzima. Wapo waliopoteza maisha.

Mwaka 2006 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika vijiji hivyo. Tulikuwa tumepaka milango na kubakiwa na rangi, na mwalimu wa Stadi za Kazi akamruhusu mvulana mmoja wa darasa la sita achore ukutani, nyuma ya darasa. Akachora tembo. Alikuwa mkubwa, wa rangi ya bluu ya milango, amesimama bila ardhi, uso umegeuzwa mbele na macho yamefunguka. Mkonga ulikuwa umekunjwa kuelekea mdomoni, na mdomo ulikuwa na mstari wa manjano uliopinda. Nilipouona ukuta ule, orodha yangu ya mwaka 1974 ilinirudia yote.

Wiki ile ile kulikuwa na mkutano wa wazazi, nao ulifanyika katika darasa hilo. Mama mmoja, ambaye tembo walikuwa wamemaliza shamba lake siku chache tu zilizopita, alikaa akiuelekea ukuta. Hakusikiliza habari za michango. Mwishoni alisimama akanyoosha kidole, akasema, "Mwalimu, huyu anayecheka hivi, anacheka nini?" Hakuna aliyemjibu. Kesho yake nilimwita yule mvulana, nikampa ndoo ya chokaa na brashi, nikamwamuru aufute ukuta kwa mkono wake mwenyewe. Aliufuta. Rangi ya mafuta haikubali chokaa kwa urahisi, kwa hiyo alipaka mara tatu, siku tatu.

Niliridhika kwamba nimetenda haki. Kwa upande wa yule mama, naamini hata leo kwamba hakukosea kuuliza. Alikuwa mhakiki bora kuliko mimi. Aliitaka picha iwajibike kwa watu wanaoitazama, na hicho ndicho ninachowadai mafundi wa Oysterbay.

Nimetaja kwamba tembo hawa huchorwa kwa ajili ya wageni. Nimepita nyumba nyingi za Musoma na Bunda, na kwenye kuta za sebule nimekuta kalenda, saa, picha za harusi, Karamu ya Mwisho, na Mwalimu. Picha ya Tingatinga nimeikuta katika nyumba mbili tu, na moja ni yangu. Sanaa pendwa yetu ilikuwa mahali pengine. Ilikuwa ubavuni mwa mitumbwi, kwenye madigadi ya baiskeli, kwenye vibao vya vinyozi vyenye vichwa vya watu vilivyochorwa kwa mkono. Wachoraji wake walitumia rangi ile ile ya makopo. Siku hizi mabango ya plastiki yaliyochapwa kwa mashine yamechukua nafasi, na vichwa vya vinyozi vimekuwa picha za Wamarekani.

Butiama tunayo Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, mwaka ule ule alioaga dunia. Huenda huko mara kwa mara na wageni wangu. Ni mahali pa heshima, pa kumkumbuka mtu ambaye mwaka 1962, katika hatua zake za kwanza kama Rais, aliunda wizara ya utamaduni kwa sababu aliona kwamba taifa lisilo na utamaduni wake ni kundi la watu tu. Ningetamani siku moja, katika ukumbi wa namna ile hapa mkoani, zitundikwe kazi za Tingatinga na Lilanga, watoto wa Bunda waletwe kuzitazama, nao wazazi wao wanaolinda mashamba wakaribishwe waulize maswali yao. Uhakiki mkali zaidi wa picha ya tembo hautatoka Ulaya.

Mwaka 2019 nilikuwa Bunda mjini kutengenezesha bango la msiba. Kijana aliyekuwa kwenye mashine alisimama akanisalimu, "Shikamoo Mwalimu." Nikaitikia, nikamtazama. Alikuwa yule mvulana. Tulizungumza habari za shule, na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuanza kuyafikiria mambo haya, nilimwambia kwamba siku hizi namkumbuka tembo wake. Nikamwambia kwamba hakuwa mbaya, ila kile kicheko ndicho kilichowaumiza watu.

Alinitazama kwa mshangao. "Hakuwa anacheka, Mwalimu," akasema. "Alikuwa na hindi mdomoni. Lile la manjano ni hindi. Walikuwa wamekula shamba letu pia, kabla ya la yule mama."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema hakuulizwa, kisha akaurudia mtambo wake, kwani wateja walikuwa wanangoja.

Nimeufikiria mkonga ule uliokunjwa kuelekea mdomoni. Ulikuwa pale ukutani, mkubwa kuliko mimi, nami niliuona. Sikujiuliza unafanya nini pale, kwa sababu nilikuwa nimeshughulika na miguu isiyo na ardhi. Yule mama alikuwa na machozi machoni. Yeye anayo ruhusa ya kutoliona hindi. Mimi sikuwa nayo. Mtoto alikuwa ameandika ukutani hasara ya nyumba yao, nami nikampa chokaa.

Sikujua nimwombe radhi kwa maneno gani pale katikati ya wateja. Nilirudi wiki iliyofuata, nikaomba radhi, akasema yamepita. Nilimwomba anichoree tembo yule tena, nikamwambia nitamlipa kama wanavyolipwa wa Oysterbay. Alicheka, akasema mkono umekwisha kusahau brashi, lakini atajaribu. Mpaka leo hajaleta, nami simsumbui. Nimemwachia nafasi ukutani, kati ya picha ya Mwalimu na chui niliyemnunua Dar es Salaam. Mke wangu huyu chui hampendi. Anasema kila akipita na chai anamtazama.